Ukitaka kutengeneza dokyumentari ya mgonjwa kwa simu, usianze na kitanda, anza na nauli

Mimi ugali wangu unatoka kwenye video za harusi, niko hapa Mwanga, Kigoma mjini, na huku kwenye dokyumentari niliingia bila kupanga. Kuna bibi mmoja anaishi kijiji cha ziwani upande wa kaskazini, kule kupita Gombe, ana kisukari na alikuwa na kidonda mguuni, mjukuu wake ni rafiki yangu akaniambia bro kwa nini usimrekodi bibi ile safari anayopiga kuja kufuata dawa mjini, nikasema haya, nikajua ni kazi ya wikiendi mbili. Ilinichukua miezi nane na kilichotoka ni dakika 14. Kwa hiyo haya nayoandika hapa ni ya mtu aliyekosea kwanza alafu ndo akajua, we chukua yanayokufaa.

Kosa la kwanza la wengi, na mimi nilikuwemo, ni kudhani filamu ya ugonjwa ni filamu ya ugonjwa. Unaenda unashika kamera unamrekodi mtu amelala, unavuta karibu kidonda, unaweka piano ya huzuni, umemaliza. Mtazamaji anasikitika dakika mbili alafu anahamia kwenye mpira. Ila ukimuonesha bibi amekaa ufukweni toka alfajiri na elfu kadhaa zimefungwa kwenye ncha ya khanga anasubiri boti ijae ndo iondoke, hapo hata mtu wa Mbeya ambaye hajawahi kuliona Ziwa Tanganyika anaelewa, maana kila mtu anajua kusubiri gari lijae. Ugonjwa ni wa bibi peke yake, nauli ni ya kwetu sote.

Kwa hiyo kabla hujagusa simu chukua daftari uchore njia. Nyumbani kwa mgonjwa, zahanati ya kijiji, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa ambayo kwetu ni Maweni na kwa ndugu zetu wa Tabora ni Kitete, alafu huko mbele Bugando Mwanza au Dar, na kwa mtu wa saratani Dar inaweza kuwa Ocean Road ambapo kwa reli kutoka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200. Kwenye kila kituo andika mambo matatu: anafikaje, analipa nini, anasubiri muda gani. Na usisahau msindikizaji, hili ndo watu wanalisahau kila siku, mgonjwa wa kwetu hasafiri peke yake, kwa hiyo kila nauli zidisha mara mbili, na msindikizaji naye anakula na analala mahali, na shamba lake au biashara yake ya dagaa imelala siku hiyo. Mimi nilipomaliza kuchora ile karatasi nikagundua kumuona daktari ni dakika kumi tu ndani ya safari ya siku tatu. Hapo ndo nikaijua filamu yangu inahusu nini.

Na si jambo jipya hili. Watu wakija Ujiji wanapiga picha pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone wanacheka na ile salamu ya Stanley alipomkuta, "Dr. Livingstone, I presume", basi. Ila fikiria, yule mzee alikuwa daktari, sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa toka 1867, akafika Ujiji 1871 hoi anategemea mzigo aliotumiwa, anakuta mzigo umeshauzwa. Yaani story yenyewe ni mgonjwa ambaye dawa haijamfikia. Daktari mzima.

Sasa vibali. Najua hapa wengi wanaruka, wasiruke. Kijijini unaanza na mwenyekiti wa kitongoji, alafu mtendaji wa kijiji, unajieleza wewe ni nani na unataka nini, uwe na barua yenye simu yako. Kwenye zahanati au hospitali barua inaenda kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, na mara nyingi atakuambia upitie kwanza kwa mganga mkuu wa wilaya au kwa mkurugenzi wa halmashauri, vumilia, zunguka. Bodi ya Filamu nayo ipo, sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ni ya toka mwaka 1976 na kibali cha kupiga filamu kinatoka kwao, kwa hiyo ulizia mapema ujue kazi yako inaangukia wapi. Alafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ambayo habari za afya ya mtu imeziweka kwenye kundi nyeti kabisa, na kwa upande wa UKIMWI kuna sheria ya 2008 inayolinda siri ya majibu ya vipimo. Kwa lugha ya mtaani, kutangaza ugonjwa wa mtu bila ridhaa yake ni kesi.

Mimi niliingia zahanati moja, jina siitaji, na ruhusa ya mdomo tu, nikaweka simu kwenye standi nikaanza kumrekodi bibi kwenye benchi. Nesi akatoka akaniambia zima. Nikaanza kubishana eti nimeruhusiwa na mwenyekiti, akanijibu kwa upole kabisa, baba, umemuuliza huyo mama aliye nyuma yake? Nikageuka, kumbe nyuma ya bibi foleni nzima ipo ndani ya fremu, na kuna dada alikuwa kajifunika uso na mtandio toka nimefika. Siku nzima ikapotea na nauli juu, ila nesi alikuwa sahihi na mimi nilikuwa na kiherehere. Toka siku hiyo nikiwa hospitali naweka kamera mahali ambapo nyuma ya mtu wangu pana ukuta. Ukuta hauna ugonjwa.

Ridhaa ya mgonjwa mwenyewe ndo kazi kubwa kuliko zote na nitakaa hapa kidogo. Usiipate kupitia mtoto wake au mkwe wake. Wao watakubali haraka maana wanaona aibu kukukatalia mgeni, au wanategemea kitu. Kaa na mgonjwa, ongea lugha anayoota nayo usiku, kwetu ni Kiha, kama huijui tafuta mtu wa rika lake akutafsirie na sio kijana wa miaka 20 ambaye kuna maneno ataona noma kumtamkia bibi. Mweleze nani ataiona. Usiseme mitandaoni, hilo neno halimaanishi kitu, sema hivi: mwanao aliyeko Dar ataiona, jirani ambaye hampatani ataiona, na nikishaiweka siwezi kuirudisha. Muulize leo, rudi baada ya wiki umuulize tena, na ukimaliza kuediti umuulize mara ya tatu. Mtu akiwa na maumivu anakubali chochote, muulize na siku ambayo amelala vizuri. Jibu lake lirekodi, simu ikiwa mbele yake anaiona.

Na hapa Kigoma kuna kitu cha ziada. Watu wetu wameshaona kamera nyingi. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo toka 1996, na mwaka 2015 pale Kagunga, kijiji cha ziwani mpakani, walipojaa wakimbizi kutoka Burundi na kipindupindu kikalipuka, hadi meli ya Liemba ikawa inawasomba kuwaleta mjini, waandishi walikuja kutoka kila kona ya dunia. Kwa hiyo kwa wengi kamera maana yake shirika, na shirika maana yake msaada unakuja. Usikae kimya mtu akiwaza hivyo. Sema wazi mbele ya familia, mimi sina mfadhili, hii filamu inaweza isilete hata panadol. Mimi niliposema hivyo mjomba mmoja akanyanyuka akaondoka, na bibi akasema basi uliza unachotaka. Nilimheshimu sana.

Hela ya kuongea usimpe, maana ukimlipa ataongea unachotaka kusikia. Ila ukimpotezea siku yake fidia siku, nauli yake ya siku ya kurekodi lipa wewe, na mkono mtupu usiende. Hapa mniache nicheke kwanza, safari yangu ya kwanza nilibeba sukari kilo mbili kama mgeni mwenye adabu zake. Kwa mgonjwa wa kisukari. Binti yake alicheka hadi akakaa chini. Safari ya pili nikabeba sabuni na kitenge.

Vifaa sitaki kurefusha. Simu yenye kamera ya kueleweka, maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, powabanki mbili, memori kadi ya kutosha maana video ya 1080p inaweza kula zaidi ya MB 100 kwa dakika moja, na mfuko wa plastiki mgumu wa kuhifadhia simu kwenye boti. Laza simu, usirekodi wima kama status. Weka flaiti modi maana simu ikiita katikati bibi analia utajuta. Fremu, yaani picha ambazo video inapiga, weka 25 kwa sekunde kama simu inaruhusu, umeme wetu ni wa hezi 50 na zile taa ndefu za hospitali ukirekodi na 30 unaweza kukuta zinapepesa kwenye video kama disko.

Sauti ndo itakuua. Nilirekodi mahojiano marefu ndani ya boti, bibi anasimulia vizuri hadi nasisimka, kufika nyumbani nasikiliza ni injini tu, trrrrr mwanzo mwisho. Kwenye boti chukua picha na mlio wa injini wenyewe, maneno mrekodi nyumbani kwake jioni kumetulia, alafu maneno unayalaza juu ya picha za boti. Ufukweni upepo unaingia kwenye maiki, funika na kipande cha soksi ya pamba, inaonekana ushamba ila inafanya kazi. Na mwanga wa Kigoma usiupange kwa saa za Dar, huku sisi tuko magharibi kabisa jua linachelewa kuchomoza na linachelewa kuzama, mwanga mzuri laini unaupata kama saa moja na nusu asubuhi na tena kuanzia saa kumi na mbili jioni.

Nini urekodi? Tafuta vitu badala ya vidonda. Kidonda cha bibi hakionekani popote kwenye filamu yangu. Kinachoonekana ni kandambili yake ya kulia ambayo wameikata kwa kisu pembeni ili mguu uliofungwa bandeji uingie. Nilimuonesha daktari mmoja ile klipu akaniambia hii inaeleza kuliko picha ya kidonda. Kitu kingine ni mtungi. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae baridi, nyuzi 2 hadi 8, na kwa bibi hakuna friji, kwa hiyo kichupa kinawekwa kwenye kikopo chenye mfuniko, kikopo ndani ya mtungi wa udongo, mtungi kwenye kona yenye giza unamwagiwa maji kwa nje. Haufiki ubaridi wa friji ila unapunguza joto, na wahudumu wa afya sehemu nyingi zisizo na umeme wanafundisha njia hiyo. Nilikaa na mtungi ule dakika tatu nzima, mjukuu anamwagia maji, anafunika, anaondoka. Kwenye filamu nimeacha sekunde 40 bila neno. Usiogope kimya.

Rekodi pia daftari la kliniki (jina ziba na kidole), benchi lililong'aa kwa kukaliwa, mlango uliofungwa, mkono unahesabu chenji, msindikizaji amesinzia. Vitu vidogovidogo hivyo utashukuru siku ya kuediti.

Kwenye mahojiano kwanza shikamoo, alafu kaa chini kuliko yeye, kama kakaa kwenye mkeka usimsimamie na simu kichwani. Usimuulize unajisikiaje, atakujibu namshukuru Mungu na hapo mazungumzo yamekufa. Muulize siku ile uliamka saa ngapi, nani alikuwepo, boti ilikuwa ya nani, ulikula nini njiani, hela ulitoa wapi. Hilo la hela ulitoa wapi ndo ufunguo. Bibi alinijibu, niliuza mawese ya msimu mzima. Sikuwa na swali lingine.

Muhoji na mhudumu wa afya. Tafadhali usimfanye nesi kuwa adui wa filamu yako kwa sababu tu alimwambia mgonjwa dawa hamna. Muulize yuko zamu na nani, ana vyumba vingapi, dawa alizoagiza Bohari ya Dawa zilifika zote au nusu, usiku akija mama wa kujifungua na mwenye malaria kali kwa pamoja anaanza na nani. Mara nyingi unakuta naye amekwama kama mgonjwa, tofauti ni yunifomu tu.

Alafu hakiki. Mgonjwa anaweza kusema alilipishwa, na ni kweli alilipa, ila mtazamaji anahitaji kujua sera inasemaje. Wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wapo kwenye msamaha kwenye vituo vya serikali. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilikuja na mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, kwa hiyo kabla hujaandika bei kwenye skrini ulizia hali ilivyo mwezi huo huo kwenye ofisi ya kata. Kama filamu inagusa uzazi weka namba 115 ya m-mama mwishoni, ni bure, ni ya usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na vichanga. Hiyo namba inaweza kuwa na maana kuliko filamu yako nzima.

Namba iliyohakikiwa ina nguvu sana jamani. Kuna dokyumentari ya 2013 inaitwa Fire in the Blood ya Dylan Mohan Gray, ukiwa na bando itafute, inaeleza jinsi ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, zilivyozuiwa kwa nchi maskini kwa sababu ya bei. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitokeza na dozi ya mwaka mzima kwa dola 350 kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, wakati za makampuni makubwa zilikuwa zinapita dola 10,000. Weka hizo mbili pembeni kwa pembeni, huhitaji kumwambia mtu akasirike. Kwetu Tanzania ARV za bure zilianza kutolewa 2004, sasa hesabu mwenyewe waliozikwa kabla ya hapo, mimi wa kwetu wawili.

Kuediti mimi natumia CapCut kwenye simu, inatosha. Muziki wa huzuni toa, nasisitiza toa, mlio wa injini ya boti na mawimbi unatosha. Weka maandishi ya Kiswahili chini pale wanapoongea Kiha, na usiwanyooshee maneno, kama bibi kasema "huu mguu umenichoka" andika umenichoka, usiandike unanisumbua. Bibi alisema pia kwamba mwanzoni alipaka majani kwenye kidonda. Nilitaka kukata nikaona nitakuwa namdanganyia maisha yake, nikaacha, ila sekunde inayofuata anaongea nesi anaeleza kwa nini mguu wa mtu wa kisukari usipakwe kitu bila kuonwa kituoni. Rasimu ikiisha mpe tabibu aitazame, atakamata vitu ambavyo wewe huvijui.

Wa kwanza kuona kazi ikiisha ni mgonjwa, kabla ya mtendaji, kabla ya rafiki zako, kabla ya YouTube. Nilirudi kijijini nikamuonesha bibi kwenye simu, tumekaa uani, akaangalia yote kimya. Mwisho akasema nzuri, ila pale wajukuu wananibeba mgongoni kushuka kwenye boti, toa. Wakuu, ile ilikuwa shoti yangu bora kuliko zote, maji yanang'aa, kijana maji ya kiuno, bibi kamshika shingo macho kafumba. Nikajaribu kumshawishi eti ndo inaonesha hali halisi. Akasema hali halisi naijua, mimi sikubebwa toka nikiwa mtoto. Nikatoa.

Kijijini tulionesha kwa projekta ya kuazima kanisani na shuka jeupe, jenereta tukaliweka mbali nyuma ya nyumba. Usitangaze saa kumi na mbili, hadi saa moja bado kweupe huku, anza saa mbili kasoro. Filamu ilipofika kwenye nauli watu wakaanza kuhesabu kwa sauti, wengine wanabishana eti bodaboda kutoka Kibirizi, pale boti zinaposhushia mjini, siku hizi imepanda, na mwenye boti alikuwepo, akawa anajitetea na bei ya petroli. Dakika 14 zikazaa maongezi ya saa nzima, na mimi nikawa nimesimama tu nyuma nashika waya usikanyagwe.

Kuhusu ile shoti ya kubebwa, kama na wewe umemuahidi mtu utafuta, jua kutoa kwenye filamu sio kufuta. Bado ipo kwenye galari, ipo kwenye mradi wa CapCut, ipo kwenye memori kadi, na hata ukiifuta simu nyingi zinaiweka kwenye kapu la taka siku 30. Ingia huko kote uifute. Mjukuu alikaa pembeni yangu akiangalia kwa niaba ya bibi, nikafungua kapu, nikabonyeza, akasema haya.